Nota, Solfa na Inanga: Uhakiki wa Programu za Kuandikia Muziki katika Madarasa ya Kigali

Mnamo tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kusitisha uendelezaji wa Finale, programu ya kuandikia nota iliyoanza mwaka 1988. Tangazo hilo lamhusu hata mwalimu wa Kigali ambaye hakuwahi kuinunua, kwa kuwa ladhihirisha hatari ya kuujenga mtaala juu ya mali ya kampuni moja. Mwenye kazi zake humo hana budi kuzihamishia kwenye umbizo la MusicXML mapema, Finale ingali ikifunguka katika kompyuta yake.

Kwa kigezo hicho MuseScore, ambayo ni ya bure na ya msimbo huria, yafaa zaidi kuliko Sibelius, ambayo toleo lake kamili hulipiwa. Sifa zake, hata hivyo, zisitiwe chumvi. Imejengwa juu ya mistari mitano, ilhali kwaya nyingi za Afrika Mashariki husoma solfa. Mwalimu hulazimika kuziandika herufi za solfa chini ya nota kana kwamba ni maneno ya wimbo. Inanga ndiyo mtihani mgumu zaidi. Nyuzi zake ni kamba moja iliyopitishwa mara kadhaa juu ya ubao uliochimbwa, na mpigaji huzilinganisha kwa sikio, si kwa piano. MuseScore huruhusu nota kupandishwa au kushushwa kwa senti, lakini ni nani atakayefanya hivyo katika wimbo mzima? Mwanafunzi atakayejifunza kwa kuisikiliza kompyuta pekee ataijua inanga ya piano. Fedha za leseni, basi, zimlipe mpigaji inanga aingie darasani, na kila faili iambatane na rekodi ya sauti yake.