Namba, Tarakimu na Mfumo wa Uwili

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zitumikazo katika tafsiri zetu, hakuna iliyobebeshwa mzigo mzito kuliko neno namba. Msomaji huelezwa kwamba kompyuta huhifadhi kila kitu kwa "namba jozi". Kauli hiyo ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni ndogo. Jozi ni vitu viwili viendavyo pamoja, kama viatu. Bali katika biti moja 0 na 1 hazikai pamoja kamwe: ikiwapo hii, ile haipo. Tena mwanafunzi aliyekwisha kusoma shufwa na witiri atadhani anarudishwa kwenye shufwa. Twaona mfumo wa uwili wafaa zaidi.

Ya pili ndiyo yenye hasara. Tumchukue karani wa ghala la korosho hapa Chuno, Mtwara. Fomu yake ina "namba ya magunia" na "namba ya simu". Magunia 5 ni namba hasa: hujumlishwa na kugawanywa, na kwa biti nane huhifadhiwa kuwa 00000101. Simu ya mkulima haijumlishwi na mtu. Huo ni mfuatano wa tarakimu, na kila tarakimu hapo ni alama ya maandishi, sawa na herufi. Katika mpangilio wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, herufi A ni 65, yaani 01000001. Na tarakimu 5 ni 53, yaani 00110101. Basi 5 ya magunia na 5 ya simu hazifanani ndani ya mashine. Safu ya simu ikihifadhiwa kama namba, 07 ya mwanzo hubaki 7, kwa kuwa sifuri iliyotangulia haina thamani katika hesabu.

Lugha haina lawama hapa. Neno tarakimu tunalo tangu zamani. Wenzetu wa Kenya wamelitia hata katika jina la mashine yenyewe, tarakilishi. Lawama ni ya mtafsiri akutaye idadi, tarakimu na alama katika matini asilia, akaziita zote namba.

Hatudai watu waache kusema "namba ya simu" barazani. Lakini atungaye fomu ya kompyuta na aandike "Idadi ya magunia", kisha "Simu: tarakimu 10".