Msasi Asiye na Mshale

Jua lilikuwa halijachomoza, na mzee alikuwa keshachutama kando ya tuta la muhogo, mkongojo wake ameulaza chini. Mbele yake, kwenye udongo mbichi, palikuwa na alama ndogo mfano wa korosho mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu, ncha zimeelekea kilimani.

"Babu, si mbuzi wa hapo jirani huyo?" nikamuuliza.

"Mbuzi gani, mwanangu, alale nje ya zizi, tena peke yake?" Akapitisha kidole juu ya alama bila kuigusa. "Pongo huyu. Jike. Amepita umande ukiwa umeshatua, wala hakuwa na haraka."

Nilikuwa nimemwendea kutafuta hadithi za usasi wa zamani. Nikarudi na maneno hayo machache tu, na mpaka leo nayachambua, maana kila neno lilikuwa na shahidi wake pale chini.

Tulikuwa karibu na kilima cha Dzombo, bara ya Vanga, kusini mwa pwani ya Kenya. Anayeitaja Vanga hutaja samaki, mikoko na mashua, na ni haki yake. Lakini ukiupa bahari mgongo, nchi hubadilika upesi. Kwanza ni bonde la Mto Umba, unaoteremka kutoka milima ya Usambara, Tanzania, ukaja kumwaga maji yake karibu na mji. Huko ni mpunga na minazi. Kisha ni mikorosho, mahindi na muhogo mpaka Lunga Lunga, na nyuma yake vinainuka vilima vya Mrima na Dzombo vikiwa na msitu vichwani. Katikati ya shamba na shamba pamebaki vichaka, mabonde na makonde yaliyoachwa yapumzike.

Pongo, ambaye ng'ambo ya mpaka wengi humwita mbawala, hupenda nchi ya namna hiyo. Si mnyama wa mbuga wala wa kundi. Mchana hujilaza kichakani, na giza likianza kuingia hutoka ukingoni mwa msitu kula majani machanga, ya mwituni na ya mkulima pia. Aliyetaka kumpata hakuhitaji kuujua msitu wote. Alihitaji kuujua ukingo wake: wapi majani yamechipua, wapi pana njia ya kurudia, wapi pana kivuli cha kusimama.

Sasa turudi kwenye ile alama. Mzee alijuaje kuwa ni pongo? Kwato za mbuzi wa kufugwa ni butu na zimetanuka, na mbuzi huzurura na wenzake huku na huku. Alama hii ilikuwa nyembamba, imechongoka, na ukwato wa nyuma ulikuwa umekanyaga karibu pale pale alipotoa wa mbele. Mstari wake ulifuata ukingo wa shamba, hatua chache tu kutoka kichakani. Mbuzi hana sababu ya kujificha.

Kuhusu jike, mzee alinionyesha kidoa cha unyevu kilichokuwa nyuma ya alama za miguu ya nyuma. Dume akikojoa akiwa amesimama, mkojo huanguka mbele ya miguu hiyo. Kanuni ni hiyo tu, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuifikiria?

Umande nao una hesabu yake. Nyasi zilizolowa huonekana nyeupe zikitazamwa kutoka upande. Mnyama akipita baada ya umande kutua, hupangusa matone na kuacha mchirizi mweusi. Akipita kabla, umande hutua juu ya nyayo zake na kufuta siri. Wadudu pia ni saa: alama iliyokatizwa na njia ya siafu si ya sasa hivi.

Na kukosa haraka? Vidole vya ukwato vilikuwa vimefumbana. Pongo aliyeshtuka hukimbia vidole vikiwa vimepanuka, na kwenye tope hata vikucha vya nyuma huchapa. Isitoshe, hatua kumi mbele alikuwa amesimama kula majani ya kunde. Mzee alichuma jani moja, akaniwekea kiganjani. Ukingo wake ulikuwa umechanikachanika. "Sungura hukata kama wembe," akasema. "Huyu hana meno ya mbele ya juu. Huvuta mpaka jani lichanike."

Nililishika jani lile muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Baada ya nyayo, elimu ya pili ni upepo, na hapo msasi wa bara na mvuvi wa Vanga hukutana. Wote wawili wanajua kusi na kaskazi, na wote wanajua kwamba Kiswahili kimeliita umande tone la asubuhi kwenye jani na pia upepo wa alfajiri utokao bara kwenda baharini. Mvuvi huutumia kutoka. Msasi huuogopa, kwa kuwa akishuka kutoka kilimani saa hiyo, harufu yake humtangulia hadi mashambani. Mzee hubeba majivu katika kitambaa kilichofungwa fundo. Alikitikisa kidogo, vumbi likaelea kuelekea pwani. "Basi sisi tutazunguka," akasema. Tukazunguka kwa karibu saa nzima, ili tu tupande tukiwa na upepo usoni.

Mwendo wake wenyewe ulikuwa somo. Hatua tatu, kusimama. Hatua mbili, kusimama. Hakuwahi kukanyaga jani kavu ambalo angeweza kuliruka, wala kusimama juani palipokuwa na kivuli. Mara kichakani pakabweka kitu mfano wa mbwa mwenye koo kavu. Mzee akacheka bila sauti: ndiye pongo, ametuona na anautangazia msitu. Hatukumwona hata mkia.

Zamani safari kama hiyo ingemalizikia kwa uta. Kwa msasi Mwislamu lilikuwepo sharti jingine: bismillahi wakati wa kuachia mshale, na akimkuta mnyama bado yu hai, kisu. Kwa hiyo kumfuata aliyejeruhiwa kulitaka wepesi na macho kwa pamoja, damu jani kwa jani, huku ukijua kwamba dume la pongo likibanwa hugeuka na pembe zake. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, walisema wahenga, na pembe hizo zimewahi kuujaribu ukali huo.

Kaskazini zaidi, katika nyika za Tsavo na Galana, wasasi wa jamii ya Wawaata waliufikisha ufundi huu mbali. Uta wao ulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuuvuta, na kwa mshale wa sumu walimwangusha tembo. Msako wa serikali ya kikoloni huko Tsavo mwaka 1956 na 1957 ulivunja maisha yao ya usasi, na wengi waliishia gerezani. Kisha mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaongeza makali ya adhabu. Mzee haibishii sheria. Uta wake umekwisha kuliwa na mchwa, na anasema wanyama wamepungua mno kwa mtu mwenye akili kudai vinginevyo.

Kinachomkera ni waya. Siku hiyo tulikuta kitanzi cha waya kimefungwa kwenye shina, kwenye njia ya paa, urefu wa goti. Alikifungua polepole, akakikunja, akakitia mfukoni. Kitanzi hakijui jike wala dume, mwenye mimba wala ndama wa ng'ombe wa jirani. Anayekitega hahitaji kujua upepo. "Huo si usasi," akasema. "Ni wizi wa mtu aliyelala."

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mazungumzo yetu juu ya uwindaji huliruka. Kuua kulikuwa dakika moja mwishoni mwa kazi ya siku nzima. Sheria iliichukua dakika hiyo. Siku nzima iliyobaki, yenye kusoma, kunusa, kungoja na kukumbuka, haijakatazwa na mtu, ila tumeiacha ife pamoja na mshale.

Na elimu hiyo bado ina kazi. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu palahala 51 katika hifadhi ya Shimba Hills, Kwale, mahali pekee Kenya wanapoishi porini. Palahala ni mkubwa na huja kwenye nyasi wazi, hivyo huonekana kutoka angani. Lakini ndege haimwoni paa aliye chini ya majani ya msitu, wala funo, wala pongo wa Dzombo. Hao huhesabiwa na anayejua kinyesi chao, njia zao na majani waliyoyachana. Huko Afrika Kusini, Louis Liebenberg aliandika mwaka 1990 kwamba kufuata nyayo huenda ndiko kulikozaa sayansi, maana mfuataji hukisia, hupima, kisha hukubali kukosea. Baadaye alitengeneza programu ya CyberTracker inayotumia picha badala ya maneno, ili wafuatanyayo wasiojua kusoma maandishi waandike wanachokiona. Hapakuwa na haja ya kuwafundisha porini. Walihitaji kalamu tu.

Mzee wetu pia hakusoma shule. Ana wajukuu wanaosoma sekondari, wana simu, na wanajua majina ya simba wa kwenye video kuliko ya paa anayelala nyuma ya choo chao. Mkulima wa Kwale anayelalamika kuliwa kunde hajui ni nani aliyezila, basi hutega waya kwa kila mnyama.

Kama una babu wa namna hiyo Kikoneni, Mwangulu au Lunga Lunga, usimngoje akusimulie sebuleni. Mwamshe alfajiri, nenda naye shambani kabla umande haujakauka, na uchukue daftari. Umande ukikauka, ukurasa wa siku hiyo umefungwa.