Katamarani si ngalawa, na si kila chombo ni boti

KATIKA makala ya leo nataka kulizungumzia neno “boti”, ambalo limevimeza vyombo vyote vya baharini. Matangazo ya utalii ninayokutana nayo hapa kisiwani Mombasa huichanganya katamarani na ngalawa, kisha yote mawili yakaitwa boti. Mvuvi wa Mji wa Kale akisoma hayo, atacheka tu.

Hebu tuvitenganishe. Katamarani ina miili miwili iliyo sawa, kama pacha, iliyounganishwa kwa sakafu. Ngalawa ina mwili mmoja: mtumbwi uliochongwa kwa gogo, aghalabu la mwembe. Kila ubavu una mrengu, yaani ubao unaoshikwa na miti iliyokingama ili chombo kisipinduke upepo ukilikaba tanga. Kwa hiyo ngalawa si katamarani ya kimaskini. Ni ufundi mwingine kabisa.

Jina katamarani lenyewe limetoka Kitamili: “kattu” ni kufunga, “maram” ni mti. Asili yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Wazungu ndio waliolihamishia kwenye chombo cha miili miwili. Mie sina ugomvi na neno hilo. Kiswahili cha bahari kimekopa tangu zama: jahazi na nanga si maneno ya Kibantu. Tatizo ni kumvika mgeni jina la mwenyeji.

Kiingereza kilishatufanyia hivyo. Kwacho, karibu kila chombo cha tanga cha mwambao huu ni “dhow”, ilhali kwetu dau ni aina moja tu, mbali na jahazi, mashua na mtepe. Leo tunajifanyia wenyewe.

Msomaji mpendwa, hili si suala la urembo wa lugha. Habari ikisema “boti imezama”, aliye na jamaa baharini atauliza: boti gani? Mtumbwi usio na mrengu, mashua ya injini, au jahazi la mizigo? Jina sahihi humdokezea ukubwa wa chombo, idadi ya watu wanaoweza kuwamo, hata sababu ya kupinduka.

Wahariri, kabla ya kuandika “boti”, waulizeni manahodha wa Bandari ya Kale. Walimu nao wasiishie kwenye picha za kitabuni. Wawapeleke wanafunzi ufuoni wakaushike mrengu kwa mikono yao, wautaje kwa jina.