Habari za Mfalme Mbaya Husimuliwa na Nani?

Hapa Lubumbashi twawaona Wachina kila siku: njiani, madukani, na kwenye machimbo ya shaba. Bei ya vitu vyao twaijua vizuri. Mawazo ya wazee wao hatuyajui. Basi leo, wasomaji wapenzi, tumependa kulipima fundisho moja la kale la Uchina, maana tukilitazama kwa makini tutaona ya kuwa latugusa hata sisi watu wa Katanga.

Yapata mwaka 1046 kabla ya Kristo, watu wa Zhou walimwasi mfalme wa Shang, wakamshinda mahali paitwapo Muye. Raia aliyempindua bwana wake atajitetea namna gani? Wao walisema hivi: Mbingu ndiyo inayompa mfalme amri ya kutawala, nayo humpa mtu kwa ajili ya wema wake. Di Xin, mfalme wa mwisho wa Shang, alikuwa mlevi na mkatili. Kwa hiyo Mbingu ilimnyang'anya amri ile, ikawapa Zhou. Baadaye Confucius, aliyefariki mwaka 479 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtawala hana budi kuongoza kwa mfano wake mwema kuliko kwa adhabu. Mencius, aliyekuja nyuma yake, alithubutu zaidi: alisema kwamba aliyemwua Di Xin hakuua mfalme, aliua mhalifu tu.

Je, habari ya namna hii ni ngeni kwetu? Sivyo. Wazee wa Kiluba husimulia juu ya Nkongolo, mfalme mkali, aliyekula mbele ya watu na kucheka ovyo. Akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, asiyekubali kuonekana akila. Mbidi akazaa na dada ya Nkongolo, na mtoto wao ndiye Kalala Ilunga. Kijana alipopata sifa, mjomba alimwonea wivu. Alichimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika mpwa wake acheze ngoma juu yake. Lakini mpiga ngoma alimwonya kwa mlio wa ngoma. Kijana akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akauawa.

Tazameni jinsi habari hizi mbili zinavyofanana. Katika zote mbili ufalme hauanzi kwa mikuki, bali kwa tabia: asiyejizuia mwenyewe hafai kuwazuia wengine. Hilo twalisifu bila shaka. Lakini twaona pia tofauti kubwa. Kwetu, baada ya Kalala Ilunga, ufalme ulishikwa na damu yake. Mulopwe alipaswa kuwa mtu wa ukoo ule. Kwa Wachina mlango ulibaki wazi. Liu Bang, aliyeanzisha enzi ya Han mwaka 202 kabla ya Kristo, alikuwa mtu wa kawaida tu. Zhu Yuanzhang, aliyeanzisha enzi ya Ming mwaka 1368, alikuwa yatima wa wakulima maskini.

Hata hivyo fundisho la Mbingu lina kasoro, wala hatutaificha. Kila mshindi aweza kusema, "Mimi ndimi niliyechaguliwa," na kila aliyeshindwa huwa mbaya siku ile ile aliyoshindwa. Desturi ya Uchina ilikuwa kwamba ukoo mpya huandika historia ya ukoo uliopinduliwa. Nani basi atamtetea marehemu? Kwetu vilevile: waliotusimulia ubaya wa Nkongolo ni watu wa baraza la wazao wa Kalala. Hatukupata kusikia Nkongolo akijieleza. Tena wako wataalamu wasemao kwamba hakuwa mtu mmoja kamwe, kwani jina lake ni jina la upinde wa mvua.

Udongo nao una neno lake. Huko Anyang, tangu mwaka 1928, wachimbaji walifukua mifupa yenye maandishi, na majina ya wafalme wa Shang yakaonekana humo. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, makaburi yaliyochimbwa kuanzia mwaka 1957 yalionyesha vyungu na mapambo ya shaba ya watu walioishi pale zaidi ya miaka elfu iliyopita. Lakini hakuna kaburi lililotaja jina la Nkongolo. Udongo wathibitisha kwamba watu walikuwapo. Kwamba fulani alikuwa mwovu, hilo lategemea msimulizi.

Ndiyo maana msimulizi ana kazi nzito. Zhu Yuanzhang, yule yatima, alipokwisha kukaa kitini alichukizwa na maneno ya Mencius. Mwaka 1394 vifungu 85 viliondolewa katika kitabu chake. Huyo ni mtu aliyevuka mto, kisha akauvunja mtumbwi ili mwingine asivuke. Kinyume chake ni Sima Qian, mwandishi wa enzi ya Han. Alimtetea jemadari aliyeshindwa vitani, na kaisari akaamuru ahasiwe. Alivumilia aibu hiyo ili amalize kitabu chake cha sura 130. Humo aliandika makosa ya wafalme waliokufa, na hakuwaficha hata wa ukoo uliokuwa ukitawala.

Waluba nao walikuwa na watu wa namna hiyo, yaani chama cha Mbudye. Walishika lukasa, ubao wenye shanga, wakaupapasa kwa kidole na kusimulia habari za wafalme pamoja na miiko yao. Kazi yao haikuwa kumsifu mfalme tu, bali pia kumkumbusha mipaka yake.

Basi neno letu ni hili. Habari ya Nkongolo tusiache kuwasimulia watoto wetu. Ni nzuri, tena ina mafundisho. Lakini ikiishia kwa kumlaumu marehemu na kumpigia makofi aliye kitini, tumeisimulia nusu. Mwenye kuisikiliza vema atauliza pia: na huyu wa leo, yeye anakula namna gani?