Kumponya Chatu Aliyeungua Tumbo

Chatu-mfalme anayefugwa kwenye sanduku la kioo, Uingereza au Marekani, mara nyingi huumizwa na kifaa alichowekewa kwa nia njema. Chini ya sanduku hutandikwa mkeka wa umeme wa kumpasha joto. Mkeka huo usipounganishwa na kidhibiti joto, sakafu ya sanduku huweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi, naye nyoka akaendelea kulala palepale. Watu huuliza kwa nini asisogee. Hewa inayomzunguka ikiwa baridi, mwili wake huhitaji joto kuliko kitu kingine chochote, hivyo hung'ang'ania mahali pekee penye joto hadi magamba ya tumbo yabadilike rangi na kutoa malengelenge.

Ni mnyama wa Afrika huyu: anapatikana kuanzia Senegali hadi kaskazini mwa Uganda, na Ghana, Togo na Benin ndizo zilizosafirisha wengi kwenda ng'ambo. Hazalishi joto lake mwenyewe kama sisi. Hulichota kwenye mazingira. Kwa hiyo mganga wake yuko katika hali ngumu. Joto ndilo lililomchoma, na bila joto hatapona.

Makosa mengi hutokea hapa. Mfugaji aliyeshtuka huzima kila kitu na kumwacha nyoka kwenye ubaridi akidhani anampumzisha. Kumbe kinga ya mwili wa nyoka hupungua nguvu kadiri anavyopoa. Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa 1988 uliwapima nyoka wa huko wenye vidonda vya ngozi katika nyuzi 13.5, 21 na 30, na vidonda vilipona vizuri zaidi kwenye nyuzi 30. Hivyo mkeka huzimwa, lakini hewa ya sanduku hupashwa kutoka juu, kwa kifaa asichoweza kukigusa. Mchanga na vumbi la mbao huondolewa, hutandikwa karatasi safi isiyo na kitu, nayo hubadilishwa kila inapolowa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo dozi ya kwanza, kabla ya sindano yoyote.

Kidonda chenyewe hudanganya. Siku za mwanzo huonekana ni wekundu tu, kisha kwa muda wa wiki moja au zaidi ngozi iliyokufa hujitenga na ukubwa halisi wa jeraha hujulikana. Wakati huo maji ya mwili yanavuja, ndiyo maana daktari humwongezea kwa sindano. Jeraha husafishwa kwa klorheksidini iliyozimuliwa sana, kisha hupakwa krimu ya silva salfadiazini. Kinachohofiwa ni bakteria kama Pseudomonas kuingia kwenye damu. Wala usisubiri kuona usaha ukitiririka: usaha wa nyoka ni mgumu, hukaa kama bonge chini ya ngozi.

Dawa inayotumika sana dhidi ya bakteria hao ni seftazidimu, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, sindano moja kila baada ya saa 72. Binadamu hupewa dawa hiyohiyo mara kadhaa kwa siku. Mwili wa nyoka huitoa polepole, nafasi hiyo ya saa 72 ikawezekana, na hilo ni jambo jema kwa mnyama ambaye kushikwashikwa kunamsumbua. Sindano hudungwa nusu ya mbele ya mwili, kwa sababu damu inayotoka nyuma huweza kupitia figo kwanza.

Chakula ndicho kinachowashinda wafugaji wengi kusubiri. Wanamwona amekonda, wanataka ale leo. Lakini chatu anapomeza windo, utumbo wake hupanuka na mwili mzima huingia kwenye kazi kubwa inayohitaji maji na joto. Aliyeishiwa maji hutapika, na kutapika humrudisha nyuma kuliko njaa. Chatu mzima mwenye afya huweza kukaa miezi bila kula. Mgonjwa hupimwa uzito mara kwa mara, hutiwa maji kwanza, halafu hupewa windo dogo lililokwisha kufa. Panya hai humng'ata nyoka dhaifu hadi mfupani.

Kupona huonekana anapojivua gamba. Nyoka mwenye jeraha huweza kujivua mara nyingi kuliko kawaida, na kila mara kovu hupungua kidogo. Gamba hunata hasa kwenye kovu. Hapo hulainishwa kwa unyevu wa saa chache, wala halichunwi kwa vidole. Unyevu ukizidi siku zote, bakteria hurudi.

Kabla hajarudishwa kwenye sanduku lake, mkeka huunganishwa na kidhibiti joto, na kihisi chake hufungwa pale tumbo litakapolala, si ukutani. Kipimajoto cha pili huwekwa kukihakiki, usiku na mchana. Upande wa joto ukae kati ya nyuzi 31 na 33, wa pili kati ya 25 na 27, naye achague mwenyewe.