Kodi ya Chumba Kimoja: Historia na Msuko katika Native Son ya Richard Wright

Tahakiki nyingi za fasihi ya Marekani zinazoandikwa na wanafunzi wetu hufuata mpangilio mmoja. Sehemu ya mwanzo, iitwayo usuli wa kihistoria, hutaja utumwa, ubaguzi wa rangi na uhamaji wa Wamarekani Weusi kutoka majimbo ya Kusini. Kisha historia huwekwa kando, na uchambuzi wa wahusika na mtindo huanza kana kwamba ni kazi nyingine. Makala hii inaupinga mpangilio huo kwa kuirejelea Native Son (1940), riwaya ya Richard Wright. Inadai kwamba katika riwaya hiyo historia ndiyo inayousukuma msuko, na kwamba msomaji asiyejua jinsi nyumba zilivyopangishwa Chicago hawezi kueleza kikamilifu kwa nini Bigger Thomas ananaswa mahali anaponaswa.

Wright alizaliwa Mississippi mwaka 1908 na kuhamia Chicago mwaka 1927. Katika miaka hiyo, wamiliki wa nyumba katika mitaa mingi ya jiji hilo walitia saini mikataba ya kutomuuzia wala kumpangishia nyumba Mtu Mweusi. Mahakama ziliendelea kuitekeleza mikataba ya aina hiyo hadi uamuzi wa kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer mwaka 1948. Wahamiaji waliongezeka, lakini eneo waliloruhusiwa kuishi halikupanuka kwa kiasi hicho. Wenye nyumba wakayagawa majengo chakavu kuwa vyumba vidogo, familia nzima ikipanga kimoja, na kodi ikapanda kwa kuwa mpangaji hakuwa na pengine pa kwenda. Kiswahili hutumia neno hilohilo, kodi, kwa malipo ya nyumba na kwa tozo ya serikali. Utata huo unatufaa hapa, kwa sababu alichokuwa akitozwa mpangaji wa South Side kilikuwa, kwa hakika, tozo juu ya rangi yake.

Riwaya inaanzia ndani ya chumba cha namna hiyo, ambamo mama na watoto wake watatu wanalala, na Bigger anamuua panya mkubwa. Wahakiki wengi wamemsoma panya huyo kama ishara tangulizi ya hatima ya Bigger mwenyewe. Usomaji huo una mashiko, ila una haraka. Kabla hajawa ishara, panya ni lalamiko la mpangaji dhidi ya mwenye nyumba, na mwandishi anatutajia mwenye nyumba ni nani. Chumba ni cha kampuni iliyo chini ya umiliki wa Bwana Dalton, tajiri yuleyule anayemwajiri Bigger kuwa dereva na ambaye ametoa mamilioni ya dola kwa ajili ya elimu ya Watu Weusi, pamoja na meza za mpira wa meza kwa klabu ya vijana wao.

Uhusiano huo unawekwa wazi wakati wa uchunguzi wa kifo cha Mary Dalton, pale wakili Max anapomhoji baba wa marehemu. Kwa nini familia ya Thomas ilipe dola 8 kwa wiki kwa chumba kimoja chenye panya? Kwa nini Weusi watozwe zaidi ya Weupe? Dalton anajibu kwamba nyumba ni haba, na kwamba ndivyo desturi ilivyo. Kwa maoni yangu, mahojiano haya mafupi yanapita kwa uzito hotuba ndefu ya Max mahakamani, ambayo ndiyo hunukuliwa zaidi. Hotuba inaieleza historia kwa ujumla. Mahojiano yanaionyesha ikifanya kazi katika stakabadhi ya kodi.

Athari zake kwa msuko zinaonekana katika sehemu ya pili. Bigger anakimbia ndani ya theluji akitafuta chumba kitupu, huku polisi wakilizingira eneo la Weusi na gazeti likichapa ramani ya sehemu zilizokwisha kupekuliwa. Hawezi kuvuka mpaka, kwani upande wa pili hapangishwi Mweusi yeyote, awe na hatia au asiwe nayo. Mstari uliomzuia mama yake kupata nyumba bora ndio unaowarahisishia polisi msako. Hata mkate, Bigger anakumbuka, huuzwa ghali zaidi upande huu wa mstari.

Usomaji huu una kikomo chake. James Baldwin, katika insha yake ya mwaka 1949 kuhusu riwaya ya upinzani, alilalamika kwamba Bigger anaikubali tafsiri waliyompa wanaomchukia. Zaidi ya hapo kuna Bessie. Anauawa na Bigger, kisha maiti yake inaletwa kama ushahidi tu katika shauri la kifo cha Mary. Wright anaishutumu mahakama kwa hilo, lakini yeye mwenyewe hakumpa Bessie undani unaozidi sana ule wa kielelezo. Muktadha hauwezi kuliondoa doa hilo.

Limebaki suala la matini yenyewe. Klabu ya vitabu iliyoiteua riwaya kwa wanachama wake ilidai baadhi ya sehemu ziondolewe, na toleo lililozirejesha lilitoka mwaka 1991. Miongoni mwa zilizoondolewa ni tukio la sinema ambamo Bigger, kabla hajaajiriwa, anamwona Mary katika filamu ya habari akijistarehesha ufukweni Florida. Anayesoma toleo la 1940 hukutana na Mary kwa mara ya kwanza nyumbani kwa baba yake. Anayesoma lile la 1991 ameshaiona starehe hiyo, na akifika kwenye mahojiano ya Max anatambua imegharimiwa na kodi ya nani.