Chokora Hana Jina?

Ndugu mwandishi mwenzangu, tuambiane ukweli. Hadithi zetu za chokora zimeanza kufanana kama mikate ya dukani. Kuna chupa ya gundi, kuna kamasi, kuna mvua, halafu mtoto anakufa aya ya mwisho ili msomaji alie. Jina? Hana. Ni "kijana mmoja mchafu", basi.

Siwanyoshei wengine kidole. Yangu pia ilikuwa hivyo. Mwaka jana niliisoma kwa sauti nyuma ya soko moja Nairobi, mbele ya vijana watatu wanaookota plastiki. Walisikiliza kwa adabu. Kisha yule mdogo akauliza, "Sasa huyu jamaa alikula saa ngapi?" Nikakwama. Nilikuwa nimejaza gundi ukurasa mzima bila kutaja njaa, na kumbe wengi huvuta ili njaa na baridi zipungue. Akaongeza, "Hata mzani wa mnunuzi hujauandika. Hapo ndipo tunaibiwa."

Nikairudia Kill Me Quick ya Meja Mwangi, riwaya ya 1973. Meja na Maina wanakuja mjini na vyeti vya shule, wanakosa kazi, wanaishia kwenye mapipa ya taka, halafu jela. Lakini wana majina. Wanabishana, wanataniana. Ndiyo maana inauma hadi leo: tunajua walichokuwa wakitafuta kabla hawajaitwa wezi. Kasoro ninayoiona ni kwamba ni hadithi ya wavulana. Msichana anayelala nje, ambaye usiku una hatari zake kwake, bado anamngoja mwandishi.

Kenya ilipouridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, ilikubali kwamba mtoto ana haki ya kuwa na jina, na ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inarudia hilo la jina. Mimi si wakili, bana, lakini kanjo anayemrusha mtoto kwenye lori bila kumwuliza jina, na mwandishi anayemrusha kwenye hadithi vivyo hivyo, wanafanana kuliko tunavyopenda kukubali.

Hadithi yangu nimeirarua. Ninayoandika sasa inaanzia kwenye mzani.